Hidrila saa nane mchana: uchambuzi wa jani linalobadili kazi hewa ya ukaa inapoisha majini

Chukua ziwa la kina kifupi kaskazini mwa Florida, Marekani, mwezi wa Julai. Maji ya juu yana joto la nyuzi 30 au zaidi, na sehemu kubwa ya uso wake imefunikwa na gugu ambalo jina lake la kisayansi ni Hydrilla verticillata. Mashina yametoka matopeni, yakapanda mita mbili au tatu, yakafika juu na kutandaa. Ukitumbukiza kipimo cha pH katikati ya gugu hilo saa nane mchana, utakuta maji yamepita 9, pengine yamefika 10. Oksijeni imezidi kiasi ambacho maji yangeshika yakiwa katika mizani na hewa. Kabonidioksidi, yaani hewa ya ukaa ambayo kila mmea wa kijani huitegemea kutengeneza sukari, imekwisha au imebaki kidogo mno.

Mmea ulipaswa kusimama hapo. Hausimami. Shina la hidrila likiwa katika hali nzuri hurefuka hata sentimita mbili na nusu kwa siku. Swali la kisa hiki ni moja: hiyo kaboni inatoka wapi, na jani linaikamataje?

Naliona swali hili ni zito kuliko linavyopewa nafasi. Gugu likishamiri ziwani, wengi wetu tunakimbilia kusema mbolea imemwagika kutoka mashambani, na mara nyingi fosforasi na nitrojeni kweli zimezidi. Lakini takribani asilimia 40 ya uzito mkavu wa mmea ni kaboni. Ziwa linaweza kuwa na mbolea tele na bado mmea uliozama ukafa njaa ya kaboni ifikapo adhuhuri. Inayoshinda vita vya mchana ni mimea michache, na hidrila imo.

Njaa ya mchana

Hewani, molekuli ya kabonidioksidi hulifikia jani kwa wepesi. Majini husambaa polepole, takribani mara 10,000 kuliko hewani. Jani likishanyonya kilicho karibu nalo, linazungukwa na tabaka jembamba la maji tulivu ambalo linachelewesha kila kinachokuja nyuma. Ndiyo maana mimea mingi ya kuzama ina majani membamba sana. La hidrila lina tabaka mbili tu za seli, ukiacha mshipa wa katikati.

Kizuizi cha pili ni cha kikemia. Kabonidioksidi iliyoyeyuka huungana na maji, na kadiri pH inavyopanda ndivyo kaboni inavyohamia kwenye bikaboneti, kisha kaboneti. Tufanye hesabu kwa maji yenye alkalini, yaani uwezo wa maji kuzimua tindikali, ya milimoli 1 kwa lita, kwa nyuzi 25. Kwenye pH 7, kabonidioksidi ni kama mikromoli 220 kwa lita. Kwenye pH 9 inabaki kama 2. Kwenye pH 10 inashuka hadi karibu 0.1. Kaboni yenyewe haijatoweka majini, kwa kuwa bikaboneti bado ipo kwa mamia ya mikromoli. Shida ni kwamba rubisko, kimeng'enya kinachoingiza kaboni kwenye usanisinuru, hakikamati bikaboneti. Kinataka kabonidioksidi tu, na kile cha mimea ya majini ni mlafi: kinahitaji kati ya mikromoli 30 na 70 kwa lita ili kifikie nusu ya kasi yake. Maji yaliyo katika mizani na hewa ya leo yana 14 hivi. Kwa hiyo hata maji yenye afya ni pungufu, sembuse yale ya saa nane mchana.

Aliyepandisha pH ni mmea wenyewe. Kila unapoiondoa kabonidioksidi majini, mizani inasogea upande wa magadi, na hidrila ikiwa imesongamana kiasi hicho, mabadiliko hayo ya saa chache ni makubwa. Usiku mambo yanageuka. Mmea, samaki na bakteria wa matope wote wanapumua, kabonidioksidi inarudi, pH inashuka kuelekea 7. Mfugaji wa sato mwenye bwawa la maji ya kijani anaijua zamu hii kwa upande wa oksijeni, kwa sababu alfajiri ndipo samaki wanapokuja juu kutweta. Kwa kaboni ni kinyume. Alfajiri ni saa ya shibe na alasiri ni saa ya njaa.

Kuwahi asubuhi

Jibu la kwanza la hidrila ni kuwahi. Mwaka 1976, Van, Haller na Bowes wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha ulinganisho wa mimea mitatu ya kuzama: hidrila, Myriophyllum spicatum na Ceratophyllum demersum. Walipima kiwango cha mwanga ambapo usanisinuru unalingana na upumuaji, yaani mahali mmea unapoacha kupata hasara na kuanza kupata faida. Kwa hidrila kilikuwa 15 kwa vipimo vyao, na kwa hao wengine wawili 35. Jua kali la mchana ni kama 2,000 kwa kipimo hicho hicho. Kwa hiyo hidrila inaanza kufanya kazi ikiwa na mwanga usiofika asilimia moja ya jua kamili.

Faida yake huonekana ukiitazama pamoja na saa za kaboni. Jua likichomoza, maji yana akiba ya kabonidioksidi iliyokusanyika usiku kucha. Mmea unaoridhika na mwanga hafifu unaianza akiba hiyo kabla majirani zake hawajaamka. Wanaotazama mwanga peke yake husema hidrila ni mmea wa kivuli, na kwa kweli inaota kwenye kina ambacho wengine hawakifiki. Mimi naona kuwahi kaboni kuna uzito sawa na huko kuvumilia giza.

Hata hivyo akiba ya usiku haidumu. Kabla ya adhuhuri imekwisha, na hapo ndipo penye kiini cha kisa.

Kosa la rubisko, na mtu aliyelijua

Mwaka 1971, George Bowes akiwa Illinois pamoja na Ogren na Hageman walionyesha kwamba rubisko ina udhaifu mkubwa. Pale inapopaswa kukamata kabonidioksidi, wakati mwingine inakamata oksijeni. Zao la kosa hilo halifai kwa sukari, na mmea unalazimika kulirekebisha kwa gharama huku ukipoteza kaboni uliyokwisha kuipata. Huu ndio upumuaji-nuru. Mpunga, ngano na maharage, mimea inayoitwa ya C3, inaumia kwa upumuaji huo siku za joto. Mahindi, mtama na muwa, mimea ya C4, imeuepuka: kwanza inakamata kaboni kwa kimeng'enya kingine, PEPC, ambacho hakidanganywi na oksijeni, inatengeneza tindikali yenye atomi nne za kaboni, kisha inaisafirisha hadi seli za ndani zinazozunguka mishipa ya jani. Humo tindikali inavunjwa na kabonidioksidi inaachiwa kwa wingi karibu na rubisko.

Linganisha na maji ya saa nane mchana. Oksijeni imezidi, kabonidioksidi haipo, joto limepanda. Mazingira mabaya zaidi kwa rubisko ni vigumu kuyabuni. Bowes alipohamia Gainesville, kilipo Chuo Kikuu cha Florida, na kuanza kuichunguza hidrila, alikuwa na macho ya mtu aliyelijua kosa hilo tangu lilipogunduliwa, na nadhani ndiyo sababu aliona ambacho wengine wangekipita.

Kilichoonekana ni kwamba hidrila haikuwa na tabia moja. Iliyochumwa wakati wa baridi ilijionyesha kama mmea wa C3, ikipoteza kaboni nyingi kwa upumuaji-nuru. Ya kiangazi ilipoteza kidogo sana. Maabara iliweza kuirudia hali hiyo kwa makusudi: matawi yaliyowekwa kwenye nyuzi 11 na mwanga wa saa 9 kwa siku yalibaki na tabia ya baridi, na yaliyowekwa kwenye nyuzi 27 na mwanga wa saa 14 yakageuka. Kugeuka huko kulichukua kama siku kumi na kitu. Mmea haukuhitaji kizazi kipya wala mbegu mpya.

Mwaka 1980 Holaday na Bowes walitoa ushahidi wa kemia iliyo ndani. Waliwapa mimea kaboni yenye mionzi, kaboni-14, wakafuatilia inatua wapi kwanza. Katika mimea ya hali ya kiangazi, sehemu kubwa ya kaboni ilitua kwanza kwenye maleti na aspateti, tindikali zenye kaboni nne, kama kwenye mahindi. Utendaji wa PEPC ulikuwa umepanda mara nyingi. Na usiku, mmea uliendelea kukamata kiasi fulani cha kabonidioksidi gizani.

Je, si joto tu?

Pingamizi la kwanza ambalo ningelitoa ningekuwa mwamuzi wa utafiti huo ni hili: mlibadili joto na urefu wa siku, basi mmea umeitikia joto na mwanga. Kwa nini mseme ni kaboni?

Jibu lake ndilo linalokifanya kisa kiwe cha kaboni. Joto na mwanga mrefu huharakisha usanisinuru, matawi yaliyosongamana kwenye chombo yanamaliza kabonidioksidi, pH inapanda, na ndipo mageuzi yanapoanza. Kazi zilizofuata ziliitambua kabonidioksidi pungufu kuwa ndiyo ishara. Mmea ukilishwa kabonidioksidi ya kutosha unakaa kwenye C3. Joto, mwanga na msongamano vyote vinaelekea mlango mmoja. Hilo linaeleza pia kwa nini hidrila chache zilizotawanyika kwenye maji yanayotembea hazina sababu ya kugeuka, wakati zile zilizojazana kwenye ghuba tulivu zinajisababishia uhaba ambao wenyewe unawasha mtambo wa kuushinda.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: labda mmea umeongeza tu uwezo wa kutumia bikaboneti, na hizo tindikali ni mazao ya pembeni. Bikaboneti kweli imo katika kisa. Upande wa chini wa jani la hidrila unaweza kusukuma protoni nje na kuleta tindikali juu ya ngozi yake, bikaboneti ikifika hapo inageuka kabonidioksidi na kuingia. Upande wa juu nao unakuwa wa magadi, na kwenye mimea ya namna hii huachwa utando wa chokaa, ule weupe unaokwaruza ukipitisha kidole. Lakini mwaka 1983 Salvucci na Bowes waliwalinganisha hidrila na Myriophyllum spicatum. Wote wawili hushusha upumuaji-nuru wakikosa kaboni. Myriophyllum inategemea bikaboneti na kimeng'enya cha kuigeuza. Ukikizuia kimeng'enya hicho kwa dawa, inarudi kwenye upotevu wake. Hidrila inategemea tindikali za kaboni nne. Maji yale yale, uhaba ule ule, mimea miwili ya kuzama, na suluhisho mbili tofauti kabisa. Sijui ulinganisho mwingine unaoonyesha vizuri hivi kwamba kuzoea uhaba wa kaboni majini si jambo moja.

Mtambo wa mahindi bila nyumba ya mahindi

Tatizo la kinadharia lililobaki lilikuwa kubwa. Kwa miaka mingi wanabotania waliamini kwamba C4 haiwezekani bila seli za aina mbili, zile za nje zinazokamata na zile za ndani zinazopokea. Ukikata jani la mhindi na kulitazama kwa hadubini, unaziona seli kubwa zimeizunguka mishipa. Jani la hidrila halina. Seli zake zote ni za kijani, na hakuna mahali pa kupelekea tindikali isipokuwa ndani ya seli ile ile. Ukikamata kabonidioksidi na kuiachia chumba kimoja, umefanya nini zaidi ya kuchosha mmea?

Jibu lilitolewa mwaka 1997 na Magnin, Cooley, Reiskind na Bowes. Walitafuta kila kimeng'enya kimekaa wapi. PEPC imo kwenye maji ya seli, nje ya kloroplasti, zile chembe za kijani ambamo usanisinuru hufanyika. Rubisko, pamoja na kimeng'enya kinachovunja maleti, vimo ndani ya kloroplasti. Kazi ambayo mahindi yameigawa kati ya seli mbili, hidrila imeigawa kati ya vyumba viwili vya seli moja. Mwaka huo huo Reiskind na wenzake walikadiria mafanikio yake: maji ya nje yakiwa na mikromoli 7 hivi za kabonidioksidi kwa lita, kloroplasti ya jani lililogeuka C4 inaweza kufika 400. Hiyo ni zaidi ya mara 50, na inatosha kuifanya rubisko isahau oksijeni. Jani la hali ya C3 halina mkusanyiko wa namna hiyo.

Mwaka 2002 kikundi hicho kiliingia kwenye jeni. Hidrila ina PEPC za aina kadhaa, na moja, waliyoiita hvpepc4, ndiyo inayoongezeka jani linapogeuka C4. Cha kushangaza, protini yake haina alama moja ya asidi-amino ambayo wataalamu walikuwa wameizoea kama muhuri wa PEPC za C4 za nchi kavu. Na hidrila ni ya familia ya Hydrocharitaceae, ukoo wa kale wa mimea ya maji ulio mbali na nyasi. Ilifika pale mahindi yalipofika kwa njia yake yenyewe.

Kwa nini basi isiwe C4 mwaka mzima? Gharama. Kwa kila molekuli ya kabonidioksidi, mtambo wa C4 unatumia angalau molekuli mbili za ATP, ambayo ni sarafu ya nishati ya seli, zaidi ya C3. Kaboni ikiwa tele na maji ya baridi, gharama hiyo ni ya bure. Nguvu ya hidrila, kwa maoni yangu, iko hapa: inalipa pale tu inapolazimika. Mahindi yanalipa kila siku, hata siku ya mawingu.

C4 hii ya seli moja iliwavutia wanaotaka kuupa mpunga uwezo wa C4. Kujenga upya umbo la jani la mpunga ni kazi ya miongo. Kama seli moja inaweza, kwa nini tusiingize vimeng'enya tu? Watafiti wa Japani waliingiza vinne kwenye mpunga, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Usanisinuru haukupata faida ya maana, na mimea ilidumaa kidogo. Vimeng'enya pekee havikutosha. Hidrila ina zaidi ya orodha hiyo: ina usafirishaji wa tindikali kupitia utando wa kloroplasti, ina namna ya kuzuia kabonidioksidi iliyokusanywa isivuje, na ina maji tulivu nje ya jani, ambayo kwa mara hii yanamsaidia kwa kuchelewesha uvujaji.

Kutoka Florida hadi Tanganyika

Hidrila si mzaliwa wa Florida. Ililetwa miaka ya 1950 kama mmea wa matangi ya samaki wa mapambo, na kufikia 1960 ilikuwa imeonekana kwenye mto Crystal River na kwenye mfereji mmoja wa Miami. Miaka ya 1990 ilikuwa imeenea kwenye ekari zaidi ya laki moja za maji ya jimbo hilo. Wamejaribu samaki wala-majani waliotasishwa, mashine za kukata, na dawa ya fluridone ambayo baadaye baadhi ya hidrila zikawa sugu kwake.

Kwetu ni mwenyeji. Ipo Ziwa Victoria, ipo Tanganyika, na watafiti kutoka Florida wamefika Afrika Mashariki, Burundi ikiwemo, kutafuta wadudu wanaoila ili kuona kama wangefaa kwao. Sina shida na utafutaji huo. Ninachotamani ni kwamba watu wetu wanaopima magugu kwenye ghuba za Victoria wapime kaboni pia, na waipime kwa saa zinazofaa. Sampuli moja ya saa nne asubuhi, ambayo ndiyo saa ambayo mashua nyingi zinakuwa zimefika, haisemi kitu. Akiba ya usiku inakuwa imeanza kuliwa na njaa ya mchana haijafika.

Zinahitajika sampuli mbili kwa uchache, moja kabla jua halijachomoza na nyingine kati ya saa nane na saa tisa mchana, zote kutoka ndani ya gugu lenyewe, na jozi nyingine kutoka maji ya wazi mita chache pembeni. Chupa ijazwe hadi mdomoni bila kuacha kipovu cha hewa na ifungwe ikiwa bado majini, kwa sababu kabonidioksidi ya alfajiri hutoroka upesi na ile ya hewani huingia kwenye maji ya mchana. pH na joto vipimwe pale pale, alkalini inaweza kusubiri maabara. Kwa namba hizo tatu kabonidioksidi inahesabika kwa kalamu. Kisha yachumwe majani yaliyo juu na yaliyo chini ya shina moja, yagandishwe papo hapo, na yapimwe PEPC: tukikuta imepanda kwenye majani ya juu yaliyokaa kwenye pH 9, na imetulia kwenye yale ya chini karibu na matope, tutakuwa tumeyaona mageuzi ya Gainesville kwenye maji ya kwetu.